Turbo itakupandisha, lakini ni nani atakushusha?

NI ASUBUHI ya Jumamosi hapa Matuu na jua bado halijakuwa kali. Una leseni mpya mfukoni. Ulifunzwa mjini, ukasukuma kigari cha kuchezea juu ya ule ubao uliochorwa barabara, ukamwonyesha mtahini namna ya kuzunguka mzunguko, kisha ukaendesha kigari cha petroli mara chache mtaani. Ulifaulu, na hongera. Sasa mama amesimama langoni na vijana wanapanga kreti za maembe nyuma ya pikapu ya jamii, ile ya turbo dizeli inayokokota kwa magurudumu yote manne. Hapo pana karo ya muhula ujao, deni la dawa ya kunyunyizia miembe, na pengine bati chache za nyumba. Funguo ziko mkononi mwako.

Ikiwa hujawahi kuendesha gari lenye mzigo, nakuomba umrudishie mama funguo hizo kwanza, uketi, usome makala haya hadi mwisho.

Nasema hivyo kwa sababu mimi sikuzirudisha. Kisa changu nitakifikia. Kwa sasa itoshe kusema kwamba baada ya kisa hicho mjomba wangu, aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kuendesha malori, alinichukua kama mtoto wa darasa la kwanza akanifunza upya. Mengi utakayosoma hapa ni yake.

Anayepita Matuu kwa basi akienda Mwingi au Garissa huona mji uliojipanga kando ya lami na ardhi iliyolala, hata akajiuliza ni mlima gani wa kumsumbua dereva hapa. Lakini ondoka kwenye lami. Upande mmoja kuna Mto Thika, upande mwingine Mto Athi, na njia zote za kuelekea mitoni huteremka, tena kwa makorongo na mawe. Huko ndiko mashamba mengi yaliko. Isitoshe, tangu ule mfereji wa Yatta ulipochimbwa katika miaka ya 1950 kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa hali ya hatari, maji ya Mto Thika yamekuwa yakiletwa hadi huku kwetu, na penye maji pana nyanya, vitunguu na mishiri. Mazao hayo hayana miguu. Ni lazima mtu ayatoe bondeni, ayafikishe kwenye lami, kisha Thika au Marikiti kule Nairobi kabla hayajaoza. Ndiyo sababu kila jamii iliyojaliwa kidogo hutafuta pikapu, na kwa kawaida dereva wa kwanza huwa ni kijana wa nyumba hiyo.

Pima kabla ya kuwasha

Siku ya kwanza mjomba hakuniruhusu kuwasha gari. Aliniamuru nifungue mlango wa dereva nisome kile kibandiko ambacho watu wengi hudhani ni urembo. Hapo pameandikwa upepo wa magurudumu, na mara nyingi kuna vipimo viwili, kimoja cha gari tupu na kingine cha gari lenye mzigo. Kipimo cha mzigo ndicho utakachofuata leo, tena upime asubuhi kabla gurudumu halijapata joto la barabara. Gurudumu lenye upepo mdogo chini ya mzigo hujikunja pembeni kila linapozunguka, nalo hupata joto hadi likapasuka, hasa lile la nyuma.

Halafu akaniuliza, "Tani moja ni nini?"

Nikajibu kwamba ni kilo 1,000. Akacheka. Alitaka niione kwa macho. Tani moja ni mifuko 20 ya saruji. Ni magunia 11 ya mahindi ya kilo 90, na hapo umebakiza kilo 10 tu. Ni tanki la maji la lita 1,000, kabla hujahesabu plastiki ya tanki lenyewe. Pikapu nyingi tunazoziita za tani moja hubeba kiasi hicho, pengine kidogo zaidi au chini yake, na wewe mwenyewe, mama aliye kando yako na taniboi mmehesabiwa humo humo. Watu watatu wazima ni mifuko minne ya saruji. Wanaopakia hadi kreti zikapita paa la kichwa cha gari hawakumbuki kwamba gari huuhesabu mzigo hata kama wao wamekataa kuhesabu.

Jambo la pili ni mahali pa kuuweka. Kile kizito kikae chini na mbele, kiegemee kichwa cha gari, kisining'inie nyuma ya ekseli. Ukirundika uzito nyuma kabisa, pua ya gari huinuka. Taa zako zitamulika majani ya miti na kumpofusha anayekuja, na stelingi itakuwa nyepesi. Dereva mchanga huufurahia wepesi huo. Maana yake ni kwamba magurudumu ya mbele hayakanyagi barabara ipasavyo, na hayo ndiyo yanayokuelekeza na kukufungia breki nyingi.

Jihadhari zaidi na tanki la maji lililojaa nusu. Ni heri tanki lililojaa pomoni kuliko la nusu. Ukifunga breki, maji ya nusu tanki hukimbia mbele yakakusukuma baada ya gari kutaka kusimama. Ukikata kona, huhamia upande mmoja yakakuegemea. Ni kama kubeba mtoto mgongoni anayeamka na kuanza kurusharusha miguu.

Kisha tukaanza mazoezi. Siku mbili za kwanza niliendesha pikapu ikiwa tupu, ya tatu ikiwa na magunia matano, ya nne ikiwa na kumi na moja. Kila siku tulikwenda kwenye barabara ya murram isiyo na watu, nikafika kilomita 40 kwa saa, na penye mti fulani nikafunga breki kwa nguvu. Mjomba aliteremka, akaweka jiwe pale magurudumu yaliposimama. Siku ya nne jiwe lilikaa mbali na lile la kwanza kiasi kwamba nilinyamaza. Sikumbuki hatua zilikuwa ngapi, ila nakumbuka kwamba mbuzi watano wangetosha kupanga foleni kati ya mawe hayo mawili. Fanya zoezi hilo wewe mwenyewe. Halihitaji mwalimu wa kulipwa.

Konokono wa chuma

Sasa tuwashe gari. Inua boneti na utaona kando ya injini kitu cha chuma kilichojikunja kama konokono. Hiyo ndiyo turbo. Mjerumani Rudolf Diesel alipofaulu kuitengeneza injini yake mnamo 1897, hakuwa na kitu hicho. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, ndiye aliyepata hataza yake mwaka wa 1905. Alitambua kwamba moshi unaotoka kwenye injini una joto na nguvu nyingi zinazopotea bure. Akafikiri, mbona moshi huo usizungushe kipanga, nacho kipanga hicho kizungushe kingine cha upande wa pili kinachosukuma hewa safi ndani ya injini? Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuchomwa vizuri, na injini ndogo ikafanya kazi ya injini kubwa.

Ukilielewa hilo, umeelewa karibu kila tabia ya gari lako. Turbo huishi kwa moshi. Injini ikizunguka polepole, moshi ni kidogo, upepo ni kidogo, na gari linakuwa goigoi. Unakanyaga mafuta na halina habari. Unahesabu moja, mbili, halafu ghafla linakurusha mbele kama punda aliyeumwa na nyuki. Dereva wa gari tupu huuzoea mchezo huo. Kwa gari lenye mzigo, hizo sekunde mbili ndizo za hatari, hasa unapoingia barabara kuu ya Garissa huku basi linakuja.

Kwa hivyo jifunze kuiweka injini mahali ambapo upepo upo. Injini nyingi za pikapu za siku hizi hukokota kwa nguvu zake zote kati ya mizunguko 1,600 na 2,800 hivi kwa dakika. Itazame saa ya mizunguko kwa siku chache, kisha iache, utumie masikio. Unapouona mwinuko mbele, rudisha gia mapema, ukiwa bado na mwendo. Usingoje injini ianze kugonga na gari zima kutetemeka.

Hapo ndipo wazee waliozoea magari ya zamani hukosea, na mjomba alikiri kwamba naye alikosea. Alijifunzia kwenye lori lisilo na turbo, akaendesha Peugeot 504 pikapu kwa miaka, na alizoea kuiburuta injini katika gia ya nne hadi kileleni kwa kuamini kuwa anaokoa mafuta. Ukiifanyia turbo dizeli hivyo ikiwa na tani moja mgongoni, mafuta huingia mengi na hewa haipo. Utaona moshi mweusi nyuma. Moshi mweusi ni mafuta uliyolipia na yasiyoungua vizuri, na joto lake linaitesa turbo, vichwa vya pistoni na redieta. Ikiwa moshi huo unatoka hata kwenye gia sahihi, kagua chujio la hewa kwanza. Vumbi letu la kiangazi ni jingi, nalo hulijaza chujio haraka kuliko vitabu vya gari vinavyosema.

Kuhusu mafuta yenyewe nitasema kidogo. Injini hizi hunyunyiza dizeli kwa shinikizo kubwa sana, na pampu yake hulainishwa na dizeli hiyo hiyo. Mafuta ya taa hayana ulaini huo. Uchanganyaji ulikithiri nchini hata serikali ikatoza mafuta ya taa ushuru wa Sh18 kwa lita mnamo 2018 ili kuwavunja moyo wachanganyaji. Nunua pale unapopajua, na usiwe mtu wa kufuata mtungi unaouzwa kichakani kwa bei ya kutupa.

Mteremko

Msomaji, sehemu hii isome polepole.

Turbo ni rafiki anayekusaidia kupanda tu. Inapokupandisha, inakudanganya kidogo. Mzigo ambao ungekufanya uugue mlimani kwa gari la zamani, gari hili huupandisha katika gia ya tatu huku mkizungumza na redio ikilia. Unafika kileleni ukiwa umesahau kwamba una tani moja nyuma. Na mteremko unapoanza, turbo haina kazi tena. Imenyamaza. Uzito wote ulioupandisha sasa ni wa breki zako.

Hebu tufanye hesabu moja tu. Gari la tani mbili lenye mzigo wa tani moja ni tani tatu. Likishuka bonde lenye kina cha mita 200 na ukalizuia kwa breki pekee, joto linaloingia kwenye breki hizo linatosha kuchemsha debe moja la maji kutoka ubaridi wa kawaida hadi kutokota. Debe zima! Mama anajua ni kuni ngapi hizo. Na joto hilo linaingia katika vipande vinne vya chuma ambavyo ungeweza kuvibeba mikononi.

Mimi niliteremka bonde kama hilo nikiwa na mifuko 20 ya saruji, mama kando yangu, na kijana mmoja juu ya mifuko. Nilikuwa nimepanda mlima wa upande wa pili katika gia ya tatu bila taabu, na katika gia hiyo hiyo nikaanza kushuka, mguu ukiwa juu ya breki muda wote, nikikanyaga kidogo kidogo kama mtu anayepiga cherehani. Kwanza nilisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua kwa pasi. Mama aliuliza, "Ni nini hicho?" Nikamjibu kwamba ni watu wanachoma takataka. Kisha kikanyagio kikawa laini. Nikakanyaga tena, kikafika sakafuni na gari likaendelea kana kwamba sikufanya lolote.

Nilichofanya baadaye sikukifikiria. Niliing'ang'ania gia ya pili hadi ikaingia kwa mlio mbaya, injini ikapiga kelele, nami nikaupeleka ubavu wa gari kwenye ukingo wa udongo kando ya njia. Tulisugua ukingo huo kwa mwendo mrefu kabla ya kusimama. Kijana aliruka mapema na hakuumia. Mifuko sita ilipasuka. Mama hakusema neno. Alishuka, akatafuta kiatu chake kimoja chini ya kiti, akajifunga leso na kutembea kilomita nne hadi nyumbani. Alikaa wiki nzima bila kulitaja gari.

Sasa nitakueleza nilichopaswa kujua. Kwanza, gia ya kushukia huchaguliwa juu, kabla pua haijainama. Chagua gia ambayo gari la zamani lisilo na turbo lingehitaji kupandia mlima huo likiwa na mzigo huo. Ukikosea, kosea kwa kuchagua ya chini zaidi. Pili, usiitegemee injini ya dizeli ikushikie gari kama ya petroli. Petroli ina kilango kinachoziba hewa unapoinua mguu, na injini hujikaba. Dizeli haikabwi hivyo, hupumua tu. Ndiyo maana malori makubwa hufungiwa breki ya moshi inayoziba bomba kwa makusudi. Pikapu yako haina, kwa hivyo gia ya chini ndiyo breki yako ya moshi.

Tatu, breki zikihitajika, zikanyage kwa uthabiti, mwendo upungue waziwazi, kisha ziachilie kabisa zipumue. Kanyaga, achilia, ngoja. Usiziburute. Ukinusa lolote, tafuta mahali pa kusimama ukiwa bado unaweza kusimama, utie jiwe nyuma ya gurudumu, ungoje. Usimwagie maji chuma chenye moto. Kitapasuka au kupinda. Na mafuta ya breki nayo huzeeka. Hunywa unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka, na yakipata joto unyevu huo hugeuka mvuke. Mvuke hufinyika, kioevu hakifinyiki, na hapo ndipo kikanyagio kinapokwenda sakafuni. Mwambie fundi ayabadilishe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama anaapa kwamba bado ni mazuri. Yangu hayakuwa yamebadilishwa tangu gari linunuliwe, na hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe.

Kuna ugonjwa mwingine uitwao nyutro. Pale Salgaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, madereva wa malori walijipatia sifa mbaya kwa miaka mingi kwa kutoa gia mteremkoni ili wabane mafuta. Desemba 31, 2017 watu 36 walikufa eneo la Migaa, karibu na hapo, basi na lori zilipogongana. Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani likawapitia watu sokoni na ndani ya magari, wakafa zaidi ya 50. Sisemi kwamba kila ajali huletwa na nyutro. Nasema kwamba gari zito linaloshuka bila kushikwa halina mwenyewe. Tena hata hesabu ya kubana mafuta ni ya uongo. Injini ya kisasa ikiwa ndani ya gia na mguu uko juu, hukata mafuta kabisa. Ukitia nyutro, ndipo inapolazimika kunywa ili isizime.

Magurudumu manne si mabawa

Vijana wengi hudhani kwamba kuwa na magurudumu manne yanayokokota ni ruhusa ya kwenda popote. Magurudumu hayo husaidia kuondoka. Hayasaidii kusimama, kwa kuwa kila gari, hata kigari cha petroli ulichofanyia mtihani, hufunga breki kwa magurudumu manne.

Pikapu zetu nyingi huwa na mkono au kitufe chenye nafasi tatu. Ya kawaida hukokota kwa magurudumu ya nyuma tu. Ya pili, 4H, huunganisha ya mbele na ya nyuma. Ya tatu, 4L, huunganisha na kupunguza mwendo ili nguvu iongezeke. Usitumie 4H wala 4L kwenye lami kavu. Unapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri mwendo mrefu kuliko ya nyuma, na katika magari mengi ya kazi hakuna difu ya katikati ya kuwapatanisha. Kwenye matope au mchanga gurudumu huteleza kidogo na mambo yakaisha. Kwenye lami haliwezi kuteleza, kwa hivyo shafti hujipinda na stelingi hukaza hadi kitu kivunjike.

Ile 4L ndiyo hazina ya mkulima, na ndiyo isiyotumiwa. Watu huikumbuka wakishakwama. Mimi siku hizi huiweka nikiwa bado juu, kabla ya kushuka kwenda shambani, kwa sababu gia ya pili ya 4L hulishika gari lenye mzigo bila kuugusa mguu wa breki. Kama ningeijua siku ile, mama angerudi nyumbani akiwa ndani ya gari.

Na je, likikuzimikia katikati ya mwinuko huku mzigo unakuvuta nyuma? Kila dereva hutaka kukanyaga klachi. Usifanye hivyo! Ukikanyaga klachi umeiondoa injini, na breki peke yake zitashikilia tani tatu kwenye kokoto. Kanyaga breki kwa nguvu, kaza handibreki. Sasa ndipo utoe gia taratibu, uingize ya kurudi nyuma katika 4L, uachilie klachi yote ukiwa bado umekanyaga breki, uwashe injini, kisha uachilie breki polepole. Baadhi ya magari mapya hayawaki bila kukanyaga klachi. Basi washa kwanza huku breki zote zimekazwa, kisha uiachilie klachi kabisa kabla ya kuachilia breki. Gari litarudi chini likitambaa, nyuma moja kwa moja. Usigeuze stelingi. Gari lenye mzigo likikaa ubavu kwenye mteremko hupinduka. Lifanyie zoezi hili kwenye kilima kifupi, bila abiria, hadi miguu ijue yenyewe.

Udongo mweusi baada ya mvua na mchanga wa mito mikavu huhitaji jambo moja: chagua gia kabla ya kuingia, kisha usibadilishe wala usisimame hadi utoke. Kubadilisha gia huko ndani ni sekunde moja ya turbo kunyamaza, na sekunde hiyo inatosha kukuzamisha.

Mto uliojaa ni jambo jingine kabisa. Desemba 4, 2021 basi lililobeba wanakwaya lilisombwa likijaribu kuvuka Mto Enziu karibu na Mwingi, kwenye mwendo wa saa moja na ushei kutoka hapa kwetu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Basi lile lilikuwa zito kuliko pikapu yako na mzigo wake. Kila lita ya maji inayosukumwa pembeni na gari hulipunguzia kilo moja ya uzito wake wa kukanyaga chini, na gari refu la mabati husukuma lita nyingi sana. Maembe yakioza ukingoni, ni hasara ya msimu mmoja. Mito yetu ya msimu hujaa haraka na kupungua haraka. Mara nyingi ni suala la kulala ndani ya gari usiku mmoja.

Mwezi wa pili wa mafunzo yale mama alikubali kuingia tena. Tulikuwa na kreti za nyanya na tulikuwa tunakwenda Thika. Alikaa akishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Tulipofika juu ya mteremko ule ule niliusimamisha mwendo kabisa, nikaingiza 4L, gia ya pili, nikainua miguu yote miwili ili aione, gari likaanza kushuka kama ng'ombe mzee anayekwenda kunywa maji. Mama alitazama miguu yangu, akatazama njia, akatazama tena miguu. Penye ukingo ule uliobaki na alama ya rangi ya gari letu aliachilia mkono mmoja, akatoa karanga kwenye kibeti.

Tulirudi jioni. Nilisimamisha gari uani lakini sikuzima injini, kwa maana kipanga cha turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika kinapofanya kazi, na huelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na injini. Ukizima ghafla baada ya kupanda mlima, oili husimama huku chuma bado kina moto mkali, ikaungua na kuwa masizi pale ndani. Unaiacha ingurume polepole kwa dakika moja au mbili ipoe. Mpwa wangu mdogo alikuja mbio akaniuliza mbona nimekaa ndani ya gari bila kuteremka ilhali chakula kiko mezani.

"Mwache," mama akamwambia akishusha kikapu chake. "Anangoja lipumue."